Staa wa Redio Aliyepanda Meli ya Watalii, Akashushwa Kwao

Mjini Dar kuna mwanadada mmoja mtangazaji, jina kapuni, ambaye sauti yake ukiisikia asubuhi kwenye daladala unaijua kabla hajamaliza salamu. Ana miaka 34, ana mtoto mmoja wa kiume, na Instagram anafuatwa na watu wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima. Kwa miaka yote ya umaarufu wake alikuwa na jibu moja kwa swali moja. Ukimuuliza kwao wapi, anacheka, anarusha nywele nyuma, anasema: "Mimi mtoto wa Oysterbay bwana. Nimezaliwa hapo, nimekulia hapo."

Novemba iliyopita jibu hilo lilimtokea puani, na lilimtokea baharini.

Dili lilikuja kwa simu. Kulikuwa na kampuni ya meli ndogo za kitalii iliyokuwa inatafuta sura ya Kitanzania ya kuwashawishi Wabongo wenye hela nao wapande, wasiachiwe Wazungu peke yao. Kazi yenyewe nyepesi: siku sita baharini kutoka Zanzibar mpaka Mtwara, kuposti vidio, na jioni kushika maiki kuwasalimia abiria kabla ya chakula. Malipo mazuri, chumba bure. Bei ambayo abiria wa kawaida alilipia kitanda kimoja ingenunua bajaji mbili na chenji ikabaki.

Hii si ile meli ya ghorofa kumi na kitu yenye kasino na watu elfu tatu. Hii ilibeba abiria wasiofika 100. Imetengenezwa makusudi kuingia kwenye maji ambayo meli kubwa haiwezi kusogelea, na tumboni mwake imebeba boti za mpira zenye injini. Inatia nanga mbali, boti zinashushwa, abiria wanavaa maboya, wanashuka kumi kumi hadi ufukweni. Mahali pasipo na gati wanaingia majini na miguu yao, wazee wa miaka 80 wamekunja suruali kama watoto wanaokwenda kuokota simbi.

Mwanadada alikubali papo hapo. Jioni ndipo akafungua ratiba kwenye simu. Siku ya kwanza Zanzibar. Siku ya pili na ya tatu Mafia. Siku ya nne, Kilwa Kisiwani asubuhi, Songo Mnara mchana.

Akaisoma hiyo siku ya nne mara tatu. Nusura apige simu kukataa. Lakini ada ya mtoto ilikuwa inakaribia, na siri yake ilikuwa imekaa salama miaka mingi. Akajisemea, watu wa meli watanijulia wapi?

Siri yenyewe ni hii. Oysterbay aliishi kweli, ila aliingia akiwa na miaka 9, kwa mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya tajiri mmoja, na mama na mtoto walilala chumba cha uani, jirani na tenki la maji. Kabla ya hapo alilelewa na bibi mzaa mama Kilwa Kisiwani, kisiwa ambacho ukisimama Kilwa Masoko unakiona ng'ambo, mkondo wa maji wa kama kilomita mbili hivi. Alipoanza shule Dar wenzake walimcheka lafudhi, wakamwita Mmachinga, wakamuuliza kama kwao wanajua taa. Akajifunza kuongea upya. Alipofika redioni akaulizwa hewani amezaliwa wapi, jibu likamtoka kabla hajalifikiria, na jibu likishatoka hewani halirudi.

Hilo lingesameheka, wangapi mjini hawajadanganya kwao? Lakini kulikuwa na jingine. Mama yake alifariki miaka minane iliyopita, akazikwa Dar siku hiyohiyo kama ilivyo ada. Bibi hakuwahi mazishi. Alikuja kwenye arobaini, amebeba kikapu cha ng'onda na nazi, kanga yake imepauka. Nyumba ilijaa mastaa na mabosi. Bosi mmoja akamwona yule mzee amekaa jikoni anachambua mchele, akauliza huyu bibi ni nani. Mwanadada akajibu haraka, bila kugeuka: "Ni mtu wa nyumbani tu."

Mzee alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kesho yake alfajiri akapanda basi, na tangu siku hiyo hawakuonana tena. Pesa zilikuwa zinatumwa kila mwezi kwa simu ya mjomba. Miguu haikwenda.

Basi, safari ikaanza. Novemba ni tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi bado haijashika, bahari imelala kama maji ya beseni. Asubuhi ya siku ya pili, upande wa Kilindoni kisiwani Mafia, wakawaona papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo wake una madoa meupe, na ukubwa wote huo anakula vijidudu vya majini. Mzee wa Kiingereza wa miaka 78 akaruka majini na miwani yake, akaogelea ubavuni mwa samaki anayemzidi urefu zaidi ya mara tatu, akatoka analia kwa furaha. Vidio hiyo ikatazamwa kama njugu. Siku ya tatu wakashuka Chole, kisiwa kidogo chenye magofu yaliyokumbatiwa na mizizi, ambapo popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe na mafundi bado wanaunda majahazi kwa mkono. Wageni walikuwa wanapiga picha kila msumari.

Mwanadada alijikuta anaipenda ile meli. Alipenda zaidi kitu kimoja kidogo: ubao wa namba pale mlango wa kushukia. Kila mtu aliyemo ana kibao chake. Ukishuka nchi kavu unakigeuza kinakuwa chekundu, ukirudi unakigeuza kinakuwa cheupe. Meli haing'oi nanga mpaka vibao vyote viwe vyeupe. Namba yake ilikuwa 31. Akaiposti ile picha na maneno, "Humu ndani hakuna anayesahaulika."

Usiku wa siku ya tatu kulikuwa na mhadhara. Mtaalamu wa mambo ya kale, mzee aliyechimba magofu nchi nyingi, alieleza Kilwa kwa mapenzi makubwa. Akasema dhahabu ya Sofala ilipitia hapa kwenda Arabuni na Bara Hindi. Akasema Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Akaonyesha picha ya Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane, limejengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Akaeleza jinsi Wareno walivyouvamia mji mwaka 1505. Akamalizia kwamba Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, vikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaokoa magofu.

Mama mmoja wa Kimarekani akanyoosha mkono. "Na sasa hivi anaishi nani pale?"

"Wavuvi wachache na familia zao," mtaalamu akajibu, akageuza picha inayofuata.

Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa jibu la kweli, la haraka, la mtu anayewahi saa ya chakula. Lakini mwanadada alikuwa amesimama pembeni, maiki mkononi, yeye ndiye mwenyeji wa jioni hiyo. Maneno yalimfika hadi kooni. Akayameza, akatabasamu, akawakaribisha wageni mezani.

Baada ya chakula alikaa nje na abiria mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Australia waliyezoeana tangu Zanzibar. Yule mama akamsimulia kitu. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kuukuu mchangani, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini kabisa mwa nchi yao. Zikakaa miaka mingi kabla hazijachunguzwa vizuri. Tano kati yake zikagundulika ni za shaba, za masultani wa Kilwa. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana hadi leo.

"Fikiria," mama akasema. "Kisarafu kidogo kama ukucha kimevuka Bahari ya Hindi yote."

Mwanadada akacheka kidogo. Kisarafu kimefika Australia, na yeye miaka minane hajavuka mkondo wa Kilwa Masoko. Usiku huo hakulala vizuri.

Alfajiri ya siku ya nne meli ilikuwa imetia nanga. Alitoka nje peke yake. Mbele yake kuta za Gereza, ile ngome ya pwani, mikoko, mibuyu, ngalawa mbili zinarudi na tanga limeshuka nusu. Moshi wa jikoni ulikuwa unapanda nyuma ya minazi. Aliujua ni wa nyumba za upande gani.

Saa moja na nusu boti za kwanza zikashuka. Alivaa kofia pana na miwani nyeusi, akakaa katikati ya wageni. Boti ikagusa mchanga. Waongozaji wa kijijini walikuwa wamesimama wanasubiri, na wa kwanza kabisa, shati limenyooshwa, kitambulisho kifuani, alikuwa mtoto wa mjomba wake. Walikula sahani moja hawa. Walichapwa siku moja kwa kosa moja.

Jamaa akawapa mkono wageni mmoja mmoja. Alipofika kwake akasita, kama mtu aliyesikia wimbo wa zamani. Halafu akasema kwa adabu ileile aliyowapa wengine: "Karibu Kilwa, mgeni."

Wakazunguka. Gereza, kisha Msikiti Mkuu, ule ulioanza kujengwa karne ya 11 ukaja kupanuliwa kwa kuba na nguzo za mawe ya matumbawe. Wageni wakaingia wakanyamaza wenyewe. Humo, zamani, watoto wa kisiwani walicheza kombolela hadi wazee wawafukuze. Mwanadada alikuwa anatembea kichwa kimeangalia juu kama wenzake, na palipokuwa na jiwe lililochomoza chini, mguu wake ukaliruka wenyewe. Hakuangalia. Nyuma yake watu wawili walijikwaa palepale.

Yule mwalimu akaona. "Ulishawahi kufika hapa?"

"Hapana," akajibu kwa Kiingereza. "Nimesoma tu."

Mtoto wa mjomba alikuwa karibu, na Kiingereza ndiyo kazi yake. Akainamisha macho, akaendelea kueleza habari za kuba.

Walipotoka, kundi likakabidhiwa kwa mwenzake lielekee Husuni Kubwa. Yeye akabaki nyuma, akawa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mwanadada alipompita, akasema taratibu:

"Dada, bibi yupo. Nyumba ileile. Miguu tu ndiyo inamsumbua. Ukitaka kupita, pita. Usipotaka, mimi sijakuona."

Pale ndipo aliposhindwa. Angetukanwa angejibu, mjini amefundishwa kujibu. Kuhifadhiwa siri na mtu uliyemkana, hilo hakuwa na jibu lake. Akavua miwani, akageuka njia ya kushoto.

Bibi alikuwa barazani amekaa kwenye mkeka, anasuka ukili. Amepungua. Kando yake redio ndogo ya betri.

"Hodi."

"Karibu." Kichwa hakikuinuka. "Wageni siku hizi hodi moja tu? Sisi huku tunapiga tatu."

"Shikamoo, bibi."

Vidole vikasimama kwenye ukili.

"Marahaba, mke mwenzangu," bibi akasema, kwa utani uleule wa zamani wa bibi na mjukuu, ila sauti haikuwa ya utani. "Umekuja na ile meli?"

"Ndiyo, bibi."

"Umekuja, au wamekuleta?"

Msichana anayelipwa kwa kuongea akakosa neno. Mwishowe akasema, "Wamenileta."

"Haya. Angalau hilo la kweli. Kaa."

Akakaa chini, si kwenye kigoda. Bibi akaigusa redio. "Huyu huniletea sauti yako kila asubuhi. Mjomba wako huniwekea betri. Siku moja nikasikia umezaliwa Oysterbay. Nikamwambia mjomba wako, ajabu hii. Mkunga aliyemzalisha ni mimi, kwenye chumba kile pale, na huko Oysterbay mimi sijawahi kukanyaga."

Mwanadada alicheka na kulia kwa pamoja. Akataka kuanza kujieleza, mambo ya shule, mambo ya kazi. Akaacha. Akasema lile moja lililomleta, ambalo alikuwa analikimbia kwa miaka minane.

"Bibi, siku ile ya arobaini ya mama..."

"Uliniita mtu wa nyumbani."

Kukawa kimya. Kuku akapita katikati yao.

"Nimekaa na hilo neno," bibi akasema. "Nimeligeuza huku, nimeligeuza huku. Mwisho nikaona si tusi. Mtu wa nyumbani ndiye mimi. Kwako ni hapa, na mtu wa hapa ni mimi. Neno halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mdomo ulivyoupinda."

"Nisamehe, bibi."

"Nilishakusamehe siku nyingi, ningekufa nalo hilo? Ila nilitaka uje uliombe. Kusamehewa kwa simu ya mjomba hakupo." Akaurudia ukili wake. "Mama yako nilimzaa, sikumzika. Niliyebakiwa naye ni wewe. Na mtoto? Nasikia una wa kiume. Hata sauti yake siijui."

"Nitamleta, bibi. Naahidi..."

"Usiniahidi. Ahadi za mjini nazijua. Njoo naye tu."

Boti ya mwisho ilikuwa saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini mtoto wa mjomba alikuja mbio, redio ya upepo ya watu wa meli inalia mkononi mwake. Mwanadada akaondoka na fungu la ng'onda kwenye gazeti, amelibeba kifuani kama kichanga. Ufukweni akamshika ndugu yake mkono. Hakujua aanze wapi. Jamaa akamrahisishia: "Safari njema, dada." Safari hii hakusema mgeni.

Kwenye ubao wa meli vibao vyote vilikuwa vyeupe isipokuwa kimoja. Mkuu wa msafara alikuwa amesimama pembeni yake, mikono kifuani. Mwanadada akaomba radhi, akakigeuza 31. Mkononi ng'onda zilikuwa zinanukia hadi chumba cha kapteni.

Mchana wakaenda Songo Mnara, wakapita majini kwenye mikoko, viatu mkononi, hadi kwenye kuta za nyumba za mawe zilizosimama bila wenyewe. Hakupiga picha hata moja. Waliomfahamu wakadhani anaumwa.

Jioni, kabla ya chakula, akapewa maiki kama kawaida. Kawaida yake huanza na kichekesho. Siku hiyo akasema:

"Jana mliuliza Kilwa Kisiwani sasa anaishi nani, mkaambiwa wavuvi wachache. Ni kweli. Mmoja ni mjomba wangu. Aliyewaongoza leo msikitini ni mwanawe. Na bibi yangu anaishi nyuma ya minazi ile mliyoipiga picha asubuhi, na mimi nilizaliwa mle. Nilikuwa sisemi. Ndiyo maana leo nilichelewa boti, naomba radhi."

Ukumbi ulinyamaza mpaka injini zikasikika. Mtaalamu ndiye aliyesimama kwanza. Akasema amefundisha Kilwa miaka mingi na hajawahi kuuliza jina la mtu hata mmoja anayeishi pale, akamwomba kama angeweza kumuuliza maswali. Wakakaa hadi usiku. Hakuuliza habari za masultani. Aliuliza ukili unasukwaje, na kwa nini hodi tatu.

Asubuhi kwenye chai yule mwalimu wa Australia akamsogelea. "Kwa hiyo wewe umerudi kwenu," akasema. "Sarafu zenu bado tunazo sisi."

Mtandao uliporudi, karibu na Mtwara, alirekodi vidio ya dakika mbili, uso bila vipodozi, akasema alikozaliwa. Akaizima simu saa nzima kwa woga. Alipoiwasha, mambo yalikuwa kama mnavyoyajua ya mjini. Wengine walisema anatafuta kiki. Wengine, kumbe Mmachinga, na vicheko. Dili moja la vipodozi likafa kimyakimya, hakuna aliyempigia kumwambia kwa nini. Lakini katikati ya mamia ya maneno kulikuwa na moja aliloliandika dada asiyejulikana: "Na mimi kwetu Kilwa Kivinje. Kazini nimewaambia Kinondoni. Leo nimempigia mama." Hilo ndilo alilolihifadhi.

Desemba shule zilipofungwa hakungoja meli. Alipanda basi la kusini na mwanawe, dirishani, karanga na maji. Walipofika Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, refu karibu kilomita moja, akamwamsha mtoto atazame. Yeye alipotolewa Kilwa akiwa na miaka 9 daraja hilo halikuwepo, lilifunguliwa mwaka 2003. Walivuka kwa kivuko cha Ndundu, na alikumbuka mama yake amemshika mkono kwa nguvu mpaka unauma, kama anayeogopa mtoto asije akaruka arudi. Wakashuka Nangurukuru, wakaunga gari la Kilwa Masoko, wakapata mashua ya jioni. Nauli yote ya siku hiyo isingelipia hata soda kwenye ile meli.

Mtoto alikuwa na woga. Hajawahi kupanda mashua, hajawahi kumwona huyo bibi anayeambiwa ni wake. Njiani kutoka ufukweni mama yake akamfundisha: ukifika barazani simama, usiingie, piga hodi mara tatu.

Akafika, akasimama. Ndani redio ilikuwa inaongea.

Akapiga nne, kwa kuhakikisha.

Na wewe unayesoma hapa, kwenu ni wapi? Mara ya mwisho kupiga hodi pale ilikuwa lini?